Arvilla Rupp na Kipande cha Reli Kiitwacho Mtoto

Tarehe 30 Septemba 1976, Bi. Arvilla Rupp atazishuka ngazi za Mnara wa Harmon kwa mara ya mwisho akiwa kazini. Ametumikia reli miaka thelathini na mitatu chini ya mabwana wanne, na hajawahi kuhama kiti. Waliohama ni mabwana! Alianza na Reli ya Ziwa, akameza mate akawa mtu wa Reli za Muungano, Muungano ukafilisika akawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na tangu Aprili mwaka huu yuko nasi katika kampuni mpya ya serikali. Kiti ni kilekile. Hata mto wa kukalia ni uleule, ingawa umebadilishwa foronya.

Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja tangu nilipoajiriwa ukarani. Nitajaribu. Lakini msitegemee nitaandika kwa upole, maana mambo yenyewe hayakuwa ya upole.

Wenzetu mliojiunga juzi hamkuiona Harmon ya zamani. Hapa ndipo reli mbili zilipokatana kama msalaba. Reli ya Ziwa ilitoka magharibi kwenda mashariki, Reli ya Bonde ilitoka kaskazini kwenda kusini, na katikati ya msalaba ulisimama mnara wenye mikono ya chuma ya kubadilishia njia. Kampuni hizo mbili zilichukiana kwa moyo wote. Watu wa Bonde waliwaita wa Ziwa vyura. Watu wa Ziwa waliwaita wa Bonde konokono. Mji wetu huu wa Ohio una watu elfu tatu, lakini ulikuwa na vinyozi wawili, mmoja wa vyura na mmoja wa konokono, na ole wako ukosee mlango ukiwa umevaa kofia ya kazi. Kanisani walikaa huku na huku, mchungaji akihubiri kwenye ujia.

Mnara ulikuwa mali ya Ziwa, na Bonde ilichangia nusu ya gharama. Kwa hiyo mtu wa mnarani alitukanwa na pande zote mbili. Mwaka 1943 wanaume walipokwenda vitani, Arvilla, binti wa mkulima, aliajiriwa kuvuta mikono ile. Vita vilipokwisha wanawake wengine walirudishwa nyumbani. Yeye alibaki, kwa sababu hakuna mwanamume aliyekitaka kiti hicho. Krismasi Bonde walimletea paja la nguruwe la kukaushwa, Ziwa wakamletea samaki, kila upande ukitarajia treni zake zipite kwanza. Alivila vyote viwili, akawashukuru wote, na treni zikaendelea kupita bila upendeleo.

Siku hizo sheria ya makutano ilikuwa nyepesi: anayepiga honi kwanza penye kona ndiye anayetangulia. Basi madereva wakaanza kupiga honi kabla ya kona. Halafu kabla ya daraja lililo kabla ya kona. Mwishowe dereva mmoja wa Ziwa, Cletus Brandeberry, ambaye mnamjua nyote kwa tumbo lake, alikuwa akipiga honi tangu stesheni ya nyuma, na wakulima wakalalamika kwamba ng'ombe wao hawatoi maziwa. Arvilla alimsubiri asimame chini ya dirisha.

"Cletus, honi yako nimeisikia nikiwa nyumbani napiga mswaki."

"Basi nimekuwa wa kwanza, Bi. Arvilla!"

"Umekuwa wa kwanza kupiga kelele. Sasa utakuwa wa mwisho kupita."

Alimkalisha pale mpaka treni ya Bonde ikapita, na dereva wake, Laszlo Sabo, akavua kofia na kumpungia Cletus kwa heshima zote kama anayemzika. Tangu siku hiyo, mwaka wa hamsini na moja, Cletus na Laszlo hawakusemezana. Wanaishi mtaa mmoja! Wake zao wanaazimana sukari! Wao hata kukohoa karibu karibu walikataa.

Ndipo ikaja harusi. Mwanzoni mwa 1968 wakubwa wa kampuni hizo mbili, zote zikiwa taabani kwa sababu ya malori na barabara kuu mpya, waliamua kuziunganisha ziwe Reli za Muungano. Sisi wa Harmon tuliiita harusi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa na keki. Wakubwa walijenga kipande kipya cha reli, kilichopinda kama mundu, kikiiunganisha njia ya Bonde upande wa kaskazini na njia ya Ziwa upande wa mashariki, ili treni iweze kutoka huku kwenda kule bila kugusa makutano. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, keki ikaliwa. Kisha hakuna treni hata moja iliyopita hapo. Vyama vya wafanyakazi havikuwa vimeelewana dereva wa nani aendeshe kwenye reli ya nani. Cletus aliapa hatakanyaga reli ya Bonde, Laszlo akaapa hatakanyaga ya Ziwa. Kipande kile kikaota kutu, magugu yakafika kiunoni.

Kampuni ilikuwa na jina moja na vichwa viwili. Na hapa ndipo penye kosa ambalo hata leo nikilisimulia watu hudhani natania. Ziwa walikuwa na stesheni iitwayo Clayton. Bonde nao walikuwa na stesheni iitwayo Clayton. Clayton ya Ziwa iko mashariki, karibu nasi, na ndiyo yenye kiwanda cha kusindika nyanya. Clayton ya Bonde iko kusini kabisa, mwendo wa siku nzima, na ina kiwanda cha saruji. Baada ya harusi ungedhani mtu angebadili jina moja. Thubutu! Kila upande ulisema Clayton ni moja tu, na ni yao, na hao wengine ndio watafute jina. Mabehewa yakaandikwa "Clayton", basi.

Zamani nyanya za wakulima wa kaskazini zilikuja kwa treni ya Bonde mpaka Harmon, na hapo Ziwa walizipokea, wakinuna lakini wakizipokea. Baada ya harusi hakukuwa tena na kukabidhiana, si kampuni ni moja? Basi treni ya Bonde ikiona "Clayton" inanyoosha kusini. Watu wa saruji walifungua mlango wa behewa la kwanza, mchuzi ukawamwagikia viatuni.

Juni 1970 Muungano ulifilisika. Harusi ya miaka miwili! Wakubwa waliokata utepe hawakuonekana tena, na sisi tukabaki tukisubiri kuambiwa nani afungishwe virago. Agosti, nyanya zikiwa zimeiva mashamba yote mpaka ukipita unanusa, Bw. Weidner, meneja wa kiwanda cha nyanya, alipanda ngazi za mnara mwenyewe, akihema, akavua kofia.

"Bi. Arvilla, wewe nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Behewa moja tena likinipotelea, nakodi malori. Na nikikodi malori sirudi."

Hakuhitaji kufafanua. Kiwanda chake ndicho kilichokuwa mteja wetu mkubwa wa mwisho. Nyanya zikienda kwa malori, hakuna sababu ya kuwa na reli Harmon, wala mnara, wala madereva, wala mafundi wa njia, wala karani aliyeanza kazi majuzi na tumbo la miezi mitano.

"Hutakodi," Arvilla alimwambia. "Nenda kapashe moto masufuria."

Asubuhi iliyofuata mwongozaji wa treni, Bw. Haskett, mtu wa Bonde damu, alipiga simu kutoka makao makuu. Treni ya Laszlo inakuja na mabehewa ya Clayton, ipishwe moja kwa moja kusini.

"Clayton gani?" Arvilla aliuliza.

"Kuna Clayton ngapi?"

"Mbili, Bw. Haskett. Tangu Mungu aumbe Ohio."

"Bi. Rupp, mimi nimefanya kazi reli hii miaka ishirini. Clayton ni Clayton. Mpishe!"

Arvilla aliweka simu mezani, hakuikata. Akashusha ishara nyekundu. Treni ya Laszlo ikaja ikipiga breki, ikasimama kabla ya makutano, na harufu ya nyanya iliyopashwa na jua ikapanda mpaka dirishani kwetu. Laszlo alitoa kichwa.

"Mama, kulikoni? Jua hili! Nyanya zinapikika humu ndani!"

"Ndiyo maana nimekusimamisha. Zinakwenda kwa Weidner, haziendi kwenye saruji."

"Karatasi yangu inasema Clayton kusini."

"Na pua yako inasemaje?"

Kwenye njia ya Ziwa, upande wa mashariki, Cletus alikuwa ameegesha injini yake tupu, akila mkate na soseji, akifurahia kila neno. Arvilla alimgeukia.

"Na wewe usicheke. Utavuta mabehewa haya mpaka kiwandani."

"Mimi? Nikanyage reli ya konokono nikayachukue? Marehemu baba yangu alikuwa Ziwa miaka arobaini. Nitamwambia nini?"

"Na mimi," akadakia Laszlo, bila kumtazama Cletus, akimwambia Arvilla peke yake, "mwambie huyo bwana kwamba injini ya vyura haigusi mabehewa yangu. Wala mimi sikanyagi matope yao."

Hapo nilimwona Bi. Arvilla akifanya jambo ambalo mtu wa mnarani hafanyi. Alinisukumia simu, akaniambia, "Shika hii, na usiseme uongo," akashuka ngazi.

Bw. Haskett alikuwa bado kwenye waya. "Wewe nani?"

"Karani, bwana."

"Mwite Bi. Rupp."

"Yuko chini relini, bwana."

"Anafanya nini relini?"

"Anapunga mikono, bwana."

Alikuwa amesimama katikati ya kipande kile cha harusi, magugu kiunoni, gauni lake la kazi la maua likiwa limenasa miiba. Ana sauti ndogo mtu huyu, lakini siku ile nilimsikia kutoka juu.

"Njooni hapa nyote wawili! Mnaambiwa na mwanamke, njooni! Reli hii ni ya nani? Cletus, ni ya Ziwa?"

"Si yetu."

"Laszlo, ni ya Bonde?"

"Mungu apishe mbali."

"Ilijengwa lini?"

Walitazamana kwa bahati mbaya, wakakwepeshana macho. "Baada ya harusi," Laszlo akasema.

"Basi ni ya mtoto! Si ya kwenu wewe, si ya kwenu wewe. Hakuna anayeambiwa amekanyaga ukoo wa wengine akiwa amembeba mtoto wa nyumba zote mbili. Laszlo, zungusha injini uje nyuma ya mabehewa, uyasukume mpaka hapa niliposimama. Gurudumu lako halitagusa Ziwa. Cletus, rudi kinyumenyume mpaka hapa niliposimama, uyachukue. Gurudumu lako halitagusa Bonde. Marehemu baba yako akikuuliza, mwambie ulikuwa unalea."

Nyanya zilikuwa zinadondoka majimaji chini ya milango. Kisha Cletus, mdomo umejaa soseji, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti, na Laszlo akawa anabana midomo isimsaliti, ikamsaliti.

Arvilla akapanda tena, anahema. Mkono wa chuma wa kipande kile haukuwahi kuvutwa tangu siku ya keki, ukagoma. Tuliuning'inia wawili, yeye akiniambia nisukume kwa mgongo na niache tumbo pembeni, na simu mezani ikibweka, "Bi. Rupp! Kazi utaiacha leo! Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna aliyenipa!" alipaza sauti kuelekea mezani. "Kampuni imefilisika, Bw. Haskett, na ruhusa nazo zimekwisha!" Na mkono ukaachia, tukaanguka chali wote wawili.

Sijapata kuona treni ikienda polepole vile. Laszlo alisukuma. Kutu ililia chini ya magurudumu mpaka meno yakaniuma, magugu yakalala, behewa la mbele likaegemea upande wa ndani wa kona kama mtu anayesikiliza mlangoni. Fundi mmoja wa njia akavua kofia, akafunika macho. Arvilla alisimama dirishani akisema kwa sauti ya chini, "Simama, mwanangu, simama, simama," akiiambia reli. Reli ikavumilia, behewa likasimama wima. Cletus akarudi kinyumenyume, vyuma vikaumana, kishindo kidogo tu, kama mlango wa kabati. Laszlo alishuka akafungua upande wake kwa mikono yake mwenyewe. Na kabla Cletus hajaondoka nilimsikia Laszlo akimwambia neno la kwanza baada ya miaka kumi na tisa.

"Punguza honi, we' chura. Nyanya zitapasuka."

"Nenda zako, konokono. Umechelewesha chakula cha watu!"

Mchana simu ililia. Alikuwa Bw. Weidner, na nyuma yake nilisikia mashine zikiunguruma na wanawake wakiimba. Alikuwa amefungua behewa la kwanza, akachukua nyanya, akainyunyizia chumvi, akaila palepale kwenye jukwaa la kupakulia. Aliniambia maneno matatu tu nimfikishie Bi. Arvilla: "Leteni za kesho."

Nilipomwambia, alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika miwani kufutwa.

Bw. Haskett alimshtaki, kama alivyoahidi. Onyo likaandikwa, likazunguka ofisi za makao makuu likitafuta mtu wa kulitia saini, na kwa hali ya mwaka ule hakupatikana mtu aliyejua kama bado ana kazi. Huku kwetu mambo yalikwisha kunyooka. Kuanzia kesho yake kila behewa la nyanya lilichorwa kwa chaki duara lenye kikonyo, na kila behewa la Clayton nyingine likachorwa mfuko. Watu wakaanza kusema Clayton Nyanya na Clayton Saruji, kwa utani, na kwa kuwa ni utani hakuna aliyeona ameshindwa. Baadaye hata Bw. Haskett alisikika kwenye simu akiuliza, "Nyanya au Saruji?" Arvilla alimjibu kwa adabu kabisa, wala hakumkumbusha. Mimi ningemkumbusha.

Msidhani ni mtu wa kuchekacheka kila saa. Mnarani kwake unafuta viatu. Vitunguu vibichi haviingii. Ukichelewa zamu anakuuliza habari za afya yako kwa namna ambayo kesho yake unawahi. Lakini mwanangu wa kwanza alipozaliwa na nikawa nasinzia juu ya meza, alibadilishana zamu na mimi majira yote ya baridi, na nilipotaka kumshukuru akanikata: "Malaika huyo hajui ratiba, wala hana haja ya kuijua. Nenda ukalale." Kina mama wa ofisi hii wanamjua hivyo. Yeye hatubembelezi, wala hatuachi tuanguke.

Na sasa habari yenyewe, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande. Mwaka jana maofisa waliokuwa wakiandaa kampuni hii mpya walipita kukagua njia zote za Muungano, wakiulizia kila mahali: hapa panapita mzigo gani? Walipokosa jibu, waliipiga njia mstari ifungwe. Njia ya Bonde kwenda kusini imepigwa mstari. Njia ya Ziwa kwenda magharibi imepigwa mstari. Walipofika Harmon ilikuwa Agosti, na hawakuhitaji kuuliza. Treni ya nyanya ilikuwa inapita mbele ya macho yao, na Bw. Weidner amesimama hapo na chumvi yake mfukoni. Kwetu pamebaki!

Lakini tazameni kilichobaki. Cha kaskazini kimebaki, cha mashariki kimebaki, na kati yao kuna njia moja tu, kile kipande kilichopinda. Mtoto ndiye njia kuu! Mwezi Julai mafundi wamembadilishia mataruma yote, wamemwaga kokoto mpya, na katika ratiba iliyotoka wiki hii treni zote za Harmon, za mizigo na ile moja ya abiria, zinapita juu yake. Makutano ya zamani yameng'olewa. Cletus na Laszlo waliomba wenyewe kuja siku ya kung'oa, wakasimama bega kwa bega, kila mmoja akaondoka na msumari mkubwa wa reli ya mwenzake.

Pasipo makutano hapana haja ya mnara, na Bi. Arvilla alilijua hilo kabla yetu. Wakati wenzake wanahangaika wamwokolee mnara, yeye aliuliza swali moja tu, kama wafanyakazi wote watahamishiwa stesheni. Alipoonyeshwa kwamba wote wamo, wote, akasema basi yeye atapumzika nyanya za mwisho zikishapita. Zimepita juzi Jumanne.

Bi. Arvilla, kwa niaba ya vyura, kwa niaba ya konokono, na kwa niaba yetu tuliozaliwa kazini baada ya harusi, asante. Ulikuta reli mbili zinazotukanana na unatuachia moja inayofanya kazi. Kuanzia kesho treni itakapopita Harmon haitakungoja wewe, wala wewe hutaingoja. Isikie tu ikipita, ugeuke upande wa pili, uvute blanketi. Tunakutakia uzee mtamu, bustani isiyo na magugu, na usingizi mrefu asubuhi. Ulale, mama, ulale mpaka mwenyewe useme sasa basi.